Jina la Babu wa Saba

Ak-Moyun, Naryn
9 Oktoba

Mdogo wangu Emil,

Salaam aleikum. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Viazi tumeshachimba, vidogo vidogo mwaka huu, lakini vitatuvusha baridi. Binti yako Ayperi ameng'oka jino la mbele, na sasa akicheka anaziba mdomo kwa mkono kama bibi harusi. Mama anakusalimu wewe na mkeo Cholpon. Anauliza kama mnavaa zile soksi za sufu au mmeshazigawa.

Barua hii anakuletea Saltanat wa duka la juu, anakwenda huko Yekaterinburg kwa mumewe. Najua utashangaa kuona karatasi, kama enzi za baba alipokuwa jeshini. Lakini simu yako haipatikani, na hata ingepatikana, sijui kama ungeamini kuwa ni mimi ninayesema.

Akaunti yangu imeibwa, Emil. Ilikuwa hivi. Binamu yetu Mirgul aliniandikia: "Dada Burul, mpigie kura mwanangu, yuko kwenye shindano la watoto la kutaja babu saba." Nikabonyeza. Nikaweka namba yangu. Wakaniletea tarakimu kwenye simu, nikaziandika pale walipotaka niziandike. Kumbe Mirgul naye alishaibiwa siku ile ile, na mwizi ndiye aliyekuwa akiniita dada.

Ilibaki lile nenosiri la pili, ulilonisaidia kuweka ulipokuja likizo. Ulinionya nisisahau, nami kwa kuogopa kusahau nikaweka jina la babu wa saba wa Ayperi, na mahali pa kidokezo nikaandika: "babu wa saba". Nilijiona mjanja. Nani mgeni angemjua Chekirbai? Nikasahau kwamba mimi mwenyewe nilimpiga video Ayperi akitaja babu zake mmoja mmoja mbele ya zulia jekundu, nikaiweka ukurasani kila mtu aione. Mwizi alichofanya ni kuisikiliza hadi mwisho.

Waliwaandikia wengi kwa jina langu. Shangazi Zuura aliwatumia fedha. Sijui wewe walikuandikia nini, na ndicho kinachoninyima usingizi. Maana Mama anasema asubuhi moja ulipiga simu ya Baba mdogo Kasym, na kwa kuwa Mama alikuwa kwao akinywa chai, akapokea yeye. Akakuuliza habari ya soksi. Ukakata. Tangu siku hiyo hupatikani.

Kwa nini ulimkatia Mama simu?

Dada yako,
Burul


Yekaterinburg
2 Novemba

Dada Burul,

Salaam aleikum. Barua yako imefika, na jibini kavu pia. Sisi wazima. Theluji imeanza. Cholpon bado yuko jikoni kwenye ile hoteli, mimi bado nafunga madirisha kwenye maghorofa yanayojengwa. Juzi tulikuwa orofa ya kumi na nne na upepo ukamnyang'anya msimamizi kofia, tukaitazama ikiruka hadi ng'ambo ya reli. Ndicho kicheko pekee cha wiki nzima.

Mwambie Ayperi jino jipya likianza kuota asiliguse kwa ulimi, litapinda.

Simu yangu iliharibika, nikabadilisha laini.

Sasa hilo la akaunti. Dada, hivi ukiandika kidokezo "babu wa saba" katika nchi ambayo mtoto hajui kufunga viatu lakini babu saba anawajua, si bora ungeandika jibu lenyewe na kuwawekea chai? Samahani. Lakini nina hasira na lazima mtu aisikie.

Fanya hivi. Tumia simu yako mwenyewe, usiende kwa mtu. Ingia tena kwa namba yako. Kukiwa na mahali panapoonyesha simu nyingine zilizoingia humo, zifukuze zote. Nenosiri jipya lisiwe jina la mtu, wala mwaka wa kuzaliwa, wala farasi wa baba. Liwe refu, la vitu visivyojuana. Na la akaunti ya benki liwe lingine kabisa, lisiwe ndugu wa hilo. Kidokezo usiweke. Na zile tarakimu zinazokuja kwenye simu usimpe mtu yeyote, hata akiwa imamu, hata akiwa mimi. Video ya Ayperi iondoe.

Jambo moja zaidi. Kuanzia sasa, neno lolote la kuniita nyumbani likija kwa simu, sitaliamini. Hata likiwa na sauti yako. Msinilaumu.

Msalimie Mama.

Emil


Ak-Moyun
25 Novemba

Mdogo wangu,

Salaam aleikum, na hasira yako nimeipokea, imefika salama bila kuvunjika. Huku baridi imeshika. Barabara ya bondeni ilifungwa siku kadhaa, ndiyo maana jibu limechelewa. Ayperi amepata sifa shuleni kwa kuhesabu, nadhani amekutoa wewe, maana sisi wengine tunahesabu kondoo tu na bado tunakosea.

Nimefanya yote. Akaunti nimeirudisha. Simu mbili nisizozijua zilikuwa humo, nikazitupa nje kama paka walioingia jikoni. Nenosiri langu jipya ni maneno manne. Moja lina harufu, moja lina miguu, na hayo mengine mawili hayajawahi kukutana tangu dunia iumbwe. Nilikaa kwenye zulia ninalolishona nikayarudia hadi Ayperi akaniuliza, "Shangazi, unasali?" Nikamwambia ndiyo.

Ila nilipoingia, ukurasa wa mazungumzo yangu na yako nimeukuta mtupu. Wamefuta kila kitu. Picha za harusi yako, na ile sauti ya Mama akikuimbia siku ulipotimiza arobaini, akasahau beti katikati akaanza kukutukana. Vyote vimekwenda. Kwa hiyo najua walikuandikia kitu, Emil. Mtu hafuti mahali asipopita.

Farasi wa nyama ya baridi tumemchinja. Mama hakushuka uani mwaka huu, alikaa dirishani akatuelekeza kwa kidole, na bado alimgombeza Baba mdogo Kasym kwa namna alivyokata mbavu. Ana uchovu kidogo. Ni baridi tu.

Kila Alhamisi, nikiweka mafuta motoni kukaanga boorsok, yale maandazi yetu, ili harufu iwafikie marehemu wetu, Mama hunitajia majina: baba, bibi, mjomba. Akimaliza anauliza: "Na Emil? Kwa nini alinikatia simu?" Anadhani umemkasirikia kwa sababu ya Ayperi, kwamba alikataa mumchukue mwanenu. Nimemwambia sivyo. Lakini mimi mwenyewe sijui ni vipi.

Niambie, basi.

Burul


Yekaterinburg
30 Desemba

Dada,

Salaam aleikum. Nimeianza barua hii mara nyingi nikaichana. Cholpon ananiambia, "Andika, mwanamume wewe, dada yako hana meno ya kukung'ata kutoka Naryn." Basi naandika.

Waliniandikia hivi, kwa jina lako, na picha yako ya skafu ya kijani: "Mdogo wangu, Mama hajisikii vizuri kidogo. Usiulize mengi. Tuma nauli ya gari la hospitali." Nikapiga. Hukupokea. Ukaandika, yaani wao wakaandika: "Siwezi kuongea, watu wamejaa nyumbani."

Dada, wewe unajua. Mtu mwingine angesoma pale kwamba mama ana homa. Sisi tumezaliwa wapi? Baba alipofariki mimi nilikuwa Bishkek, na mlisema nini kwenye simu? "Baba hajisikii vizuri kidogo, njoo." Nikaja na machungwa. Ndipo wazee wakanipokea langoni wakanikalisha, wakaniambia. Hakuna anayemwambia mtu wa mbali kwamba mzazi amekufa. Na watu hujaa nyumbani kwa sababu gani? Mwizi yule alikuwa anakwepa simu tu, huenda hata si mtu wa kwetu. Lakini aliniambia kifo kwa maneno yetu wenyewe, bila kujua.

Nilikaa chini kwenye ngazi za jengo nikalia kama ndama. Wenzangu wakaelewa bila kuuliza. Jioni ile walichanga, wakanunua kondoo. Akaja mzee mmoja wa Osh akasoma Kurani. Cholpon na wanawake wakakaanga boorsok chumba kizima kikajaa moshi. Wakamtaja Mama, wakamwombea pepo. Mimi nilipokea pole kwa mikono miwili. Nilikula nyama ya matanga ya Mama, dada. Nilikula.

Asubuhi nikampigia Baba mdogo Kasym niulize kama mnaweza kuchelewesha mazishi. Nikasikia, "Emil? Unavaa zile soksi?" Sikuwa na furaha, Mungu anisamehe, niliogopa. Nilimsikia mtu niliyekwisha kumwomboleza akiniuliza habari za soksi. Nikakata, nikatoa laini, nikaitupa kwenye zege.

Sasa nimwambieje Mama? "Nilikukatia simu kwa sababu nilishakuzika"? Na nikikaa peke yangu nawaza kwamba nimemwitia kifo. Nimekaanga mafuta kwa jina lake akiwa hai. Mtu hachezi na vitu hivi.

Usimwambie. Nakuomba kwa chumvi tuliyokula pamoja.

Lakini tufanye jambo moja. Sauti siku hizi inaigwa, picha inaigwa, hata mimi naweza kuigwa. Tuwe na neno letu, ambalo halijawahi kuandikwa kwenye simu wala kutajwa mbele ya watu. Unamkumbuka yule bata mzinga wa jirani, aliyekuwa anatufukuza tukienda shule? Tulimwita Mkurugenzi, kwa sababu alitembea kifua mbele kama mkurugenzi wa shamba la ushirika, na hatukumwambia mtu kwa kuwa baba angetuchapa. Tukivuka kile kijito tulikuwa tumepona, maana Mkurugenzi hakuvuka maji maisha yake yote.

Basi. Siku ukiniita kweli, niambie: Mkurugenzi amevuka mto. Nitakuja bila kuuliza.

Na neno hilo liwe la Mama akiwa hai tu. Likiwa lile jingine, fuateni mila, nitumieni mtu mzima aje aniambie.

Emil


Ak-Moyun
21 Januari

Mdogo wangu,

Salaam aleikum. Barua yako nimeisomea zizini, kwa sababu nyumbani nisingeweza. Ng'ombe mwekundu alinitazama wakati wote, na nadhani yeye peke yake ndiye anayejua jinsi nilivyolia.

Huku kwema. Ayperi amejifunza kusuka nywele, anamsuka bibi yake kila jioni. Wanakaa karibu na jiko, mmoja anasuka, mwingine anasinzia.

Hukumwitia mtu chochote. Nisikilize mimi dada yako niliyekupangusa makamasi: mwizi ndiye aliyekosa, na mimi niliyempa funguo. Wewe ulimlilia mama yako, basi. Ungesoma maneno yale ukaendelea kufunga madirisha, hapo ndipo ningekushangaa.

Neno letu nimelikubali. Nilimkumbuka Mkurugenzi nikacheka peke yangu, nikalia tena. Uzee huu.

Sitamwambia Mama.

Utataka kujua kama Mama anakula. Anakula supu.

Burul


Yekaterinburg
12 Februari

Dada,

Salaam aleikum. Nimepokea barua yako, fupi kuliko zote. Wewe ambaye ukiandika habari za kuku unajaza kurasa mbili.

Jana nilikutana na Saltanat sokoni. Tukasalimiana, tukazungumza habari za bei ya unga. Kisha akasema, "Mungu ampe nafuu mama yenu, shemeji yangu alimwona hospitali ya Naryn." Kisha akaona uso wangu, akaanza kukohoa, akasema huenda alikuwa mama mwingine.

Hospitali lini? Kwa ugonjwa gani? Kwa nini naambiwa na mtu mwenye kapu la vitunguu?

Najua unachofanya. Unanikinga. Hivyo ndivyo tunavyokingana katika ukoo huu, mpaka mtu anafika langoni na machungwa mkononi. Mimi sitaki tena machungwa. Kama Mama yu hai na ananihitaji, liandike lile neno, nami nitaacha madirisha ya watu wazi kwa theluji nije. Kama haumwi, niandikie kwa kirefu anavyokugombeza.

Nimenunua laini mpya, namba iko nyuma ya karatasi hii. Lakini nakuambia kweli, simu ikilia siigusi. Cholpon ndiye anayepokea. Juzi mtu aliandika kuwa nimeshinda gari, nikatupa simu kitandani kama kaa la moto.

Nina hofu, dada. Niliimaliza huzuni yangu mapema, nikaitumia kwa mwizi. Naogopa siku ya kweli ikifika nitakuwa mtupu, au nitasema, "Ah, ni wale wale," nikarudi kulala.

Emil


Ak-Moyun
4 Machi

MKURUGENZI AMEVUKA MTO.

Emil, nimeliandika kwanza, kabla ya salamu, kwa sababu anayekuletea barua hii ni Baba mdogo Kasym mwenyewe, na najua ukimwona mlangoni na kofia yake nyeupe utaanguka. Usianguke. Hakuja kwa lile. Mama yu hai. Nimemwambia akupe karatasi hii kabla hajafungua mdomo. Kwenye simu pia nimekuandikia neno hili, lakini nakujua, ungelitazama tu bila kuligusa.

Sasa salaam aleikum.

Ulinitaka nisikufiche. Ni ini. Madaktari walimfungua Januari wakamfunga. Siku nilipokuandikia kuwa anakula supu, alikuwa anakula vijiko viwili ili Ayperi asilie. Nilikuficha kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa, na kwa sababu ya ile barua yako. Niliogopa kwamba utasema umemuua kwa boorsok. Nisamehe. Daktari hataji siku, anaangalia dirisha tu.

Na ahadi yangu nimeivunja, hilo pia ulijue. Juzi aliniuliza tena kwa nini ulimkatia simu. Akasema, "Niambie Burul, nisiondoke na deni hili. Nilimkosea nini mwanangu?" Nikaona tunamlinda kwa siri ambayo ndiyo inayomuumiza. Nikamweleza yote: Mirgul, shindano, jina la babu Chekirbai, ngazi za jengo, kondoo, mzee wa Osh. Nilimweleza nikiangalia mkeka.

Nikadhani nimefanya balaa. Kisha nikasikia anacheka, Emil. Anacheka hadi anashika ubavu, hadi Ayperi akaja mbio. "Alilia?" akauliza. Nikasema, alilia kama ndama. "Kwenye ngazi, mbele za watu?" Ndiyo, Mama. "Na kondoo alikuwa mnono?" Nikasema hukuandika. "Mjinga," akasema, "jambo la maana ndilo haandiki."

Tangu hapo amebadilika. Anawasimulia wote wanaokuja kumwona. Majirani wanaingia na nyuso za msiba, naye anawaambia, "Mimi nimeshazikwa Urusi, kwa heshima, Kurani ilisomwa." Shangazi Zuura alikasirika, akasema si maneno ya kusema. Mama akamjibu, "Wewe nani amekulilia tayari? Basi nyamaza."

Usiku wa jana aliniita karibu. Alikuwa na nguvu kidogo. Akasema niandike kama anavyosema, nisipambe:

"Mwambie Emil sikuwa na hasira ya Ayperi. Mwambie akija amchukue mwanawe, sasa nakubali. Mwambie asiogope kwamba machozi yameisha. Na mwambie, mafuta aliyonikaangia huko, harufu yake haikunifikia. Aje akaange hapa, upesi, nikiwa bado na pua."

Unga nimeshakanda.

Burul